Mama amebaki peke yake Muheza: tumhamishie Dar?

*"Daktari, shikamoo. Baba yetu alifariki miezi minane iliyopita. Mama ana miaka 73, yuko Muheza kwenye nyumba waliyoijenga wote wawili. Eda imekwisha, watu wametawanyika, amebaki na binti wa jirani anayekuja kulala tu. Ana presha na anameza dawa. Zamani alikuwa anachoma vitumbua asubuhi, wanafunzi wananunua wakipita, sasa ameacha. Kisomo cha akina mama cha Alhamisi haendi tena, anasema amechoka. Amepungua, magauni yanampwaya. Kaka yangu ana nyumba nzuri Kinyerezi na anataka kumhamisha kabla ya Ramadhani. Mama hataki. Mimi nimesoma kwamba upweke unaua sawa na kuvuta sigara 15 kwa siku, na shangazi anasema wajane wengi humfuata marehemu ndani ya mwaka. Tumchukue kwa nguvu au tumwache? Na je, simu zangu za kila siku zinasaidia chochote?"*

Marahaba, mwanangu, na poleni sana kwa msiba wa mzee.

Umeuliza maswali matatu kwa pamoja, na nadhani mnagombana nyumbani kwa sababu hamjayatenganisha. La kwanza, je, ni kweli kwamba kukosa watu kunafupisha maisha ya mzee? La pili, je, kumleta Kinyerezi ndiyo kumpa watu? La tatu hukuliuliza, ila umeliandika mwenyewe: kwa nini mtu aliyekuwa na kisomo chake na vitumbua vyake ameviacha vyote, na kwa nini amekonda? Hilo la tatu ndilo la kushughulikia wiki hii. Kama huna muda wa kusoma yote, anzia pale ninapozungumzia masikio na mkojo.

Tuanze na sigara, maana zimeshawatisha wengi. Mwaka 2010 mtafiti wa Marekani, Julianne Holt-Lunstad, na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 308,000, waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka saba na nusu. Waliokuwa na mahusiano imara na wenzao walikuwa na uwezekano wa kubaki hai uliozidi kwa asilimia 50 ule wa wenye mahusiano hafifu. Ili msomaji apate picha ya ukubwa wa jambo hilo, waliliweka kando ya hatari nyingine tunazozifahamu: sigara, pombe, unene, kukaa bila mazoezi. Likaonekana halipitwi mbali na hizo. Ndipo habari ikasambaa kwamba upweke ni sigara 15. Ulinganisho huo unafaa kuwaamsha wapanga sera, lakini haufai kumhukumu mama mmoja wa Muheza. Wala ile asilimia 50 haimaanishi kwamba mwenye marafiki huishi nusu zaidi ya umri wa asiye nao. Inamaanisha kwamba ukiyatazama makundi mawili kwa kipindi kile kile, katika kundi lenye watu wa karibu wanabaki hai wengi zaidi.

Kwa hiyo jambo lenyewe ni la kweli, na si jipya. Tangu 1979 Lisa Berkman na Leonard Syme walitoa matokeo ya wakazi karibu 7,000 wa Alameda, California, waliofuatiliwa miaka tisa. Wenye mafungamano machache kabisa, yaani ndoa, jamaa na marafiki, nyumba ya ibada, vikundi, walikufa kwa kiwango kinachozidi mara mbili kile cha wenye mafungamano mengi.

Lakini ndani ya uchambuzi ule wa 2010 kuna kitu ambacho hakikupata kelele, na kwenu ndicho chenye maana kuliko zile sigara. Watafiti walitenganisha namna za kupima mahusiano. Kipimo rahisi kuliko vyote, yaani kama mtu anaishi peke yake au anaishi na wengine, ndicho kilichotoa tofauti ndogo kuliko vyote: asilimia 19. Kipimo kilichojumlisha mambo mengi kwa pamoja, kwamba mtu ana ndugu, ana marafiki, yuko kwenye vikundi, ana shughuli na watu wa aina mbalimbali, kilitoa asilimia 91. Yaani kulala nyumba moja na watu ni jambo moja, na kuwa na watu ni jambo lingine kubwa zaidi.

Nisikudanganye lakini. Mwaka 2015 watafiti hao hao walirudi na takwimu nyingine: kuishi peke yako kuliambatana na ongezeko la asilimia 32 la uwezekano wa kufa, kutengana na watu asilimia 29, kujihisi mpweke asilimia 26. Siwezi basi kusema kuishi peke yake si kitu. Ila tafiti hizo nyingi ni za Ulaya na Marekani, ambako anayeishi peke yake anaweza kumaliza siku nzima bila mtu kupita mlangoni kwake. Mama yako alalaye peke yake Muheza huenda ameshaitwa "hodi" na watu kadhaa kabla jua halijapanda. Au alikuwa akiitwa, hilo nitalirudia.

Kuna utafiti mwingine nauona ni wa kuchekesha kidogo lakini una funzo. Mwaka 1997 Sheldon Cohen na wenzake waliwachukua watu 276 wenye afya, wakawadondoshea puani virusi vya mafua, wakawatenga na kuwaangalia. Hawakuwa wazee, walikuwa na umri wa miaka 18 hadi 55. Waliokuwa na aina chache tu za mahusiano waliugua mafua mara nne zaidi ya waliokuwa na aina sita au zaidi. Kilichohesabiwa hapo ni aina za mahusiano, idadi ya marafiki haikuwa hoja. Kuwa mama wa mtu, na jirani wa mtu, na mwanachama wa kikundi, na muumini katika msikiti fulani, na mchuuzi anayejulikana. Kila nafasi ya namna hiyo ina watu wake na sababu yake ya kumtoa mtu ndani.

Sasa tumpime mama kwa kipimo hicho, kwanza Muheza, kama alivyokuwa kabla hajaacha shughuli zake. Alfajiri anawasha jiko, chuma cha vitumbua kinapata moto, watoto wa shule wanapita na sarafu zao, anawajua kwa majina na anajua nani ana deni la juzi. Jirani anakuja kuomba moto au kuleta habari. Alhamisi ana kisomo. Nadhani ana upatu, na sina shaka yuko kwenye chama cha kufa na kuzikana, maana kwa mama wa umri wake Muheza ni nadra kutokuwamo. Akitokea mgonjwa anaitwa; ikitokea harusi anaulizwa. Hapo nimehesabu mahusiano ya aina tano au sita bila kuwagusa ninyi watoto.

Twende Kinyerezi. Kaka yako anaondoka saa kumi na moja alfajiri kuiwahi foleni. Shemeji yako pia anafanya kazi, nadhani. Gari la shule linawabeba wajukuu kabla hata hajamaliza nyiradi zake. Geti linafungwa. Mama anabaki na dada wa kazi ambaye ana nguo za kufua, na televisheni yenye rimoti mbili asiyoijua. Saa mbili usiku watu wanarudi wamechoka, wanamwamkia, wanamuuliza amekula nini, wanashika simu zao. Mtaani hakuna anayejua kwamba huyu ni mke wa marehemu fulani, wala kwamba vitumbua vyake vilikuwa na sifa. Amepewa chumba kizuri na nafasi moja tu: mama wa mwenye nyumba.

Simlaumu kaka yako. Anataka kulipa fadhila, na kwa mila zetu mtoto mwenye nyumba kubwa akimwacha mama kijijini husemwa. Lakini akimhamisha mama ghafla atakuwa amemwongezea watu wa kulala nao na kumpunguzia karibu mahusiano yote mengine, tena miezi michache baada ya kumpoteza mume.

Kuhusu maneno ya shangazi, yana mzizi. Mwaka 1969 Colin Murray Parkes na wenzake waliandika kuhusu wanaume 4,486 wa Uingereza waliofiwa na wake zao, wote wa miaka 55 na kuendelea. Katika miezi sita ya kwanza vifo vilizidi kwa asilimia 40 kiwango cha wanaume wa rika hilo walio na wake, kisha vikashuka mpaka vikalingana. Itazame hesabu hiyo vizuri: kama katika wanaume 100 wangekufa wawili kwa kipindi hicho, sasa wanakufa karibu watatu. Waliobaki wako hai. Tena hao ni wanaume, ambao kwa kawaida huumia zaidi kuliko wajane wanawake, kwa sababu wengi wao mke ndiye aliyekuwa mpishi, mkumbusha dawa na mjumbe wao kwa majirani. Mama yako ameshapita miezi minane. Mwambieni shangazi apunguze maneno hayo, hasa mbele ya mama mwenyewe.

Jingine ninalolisikia mara kwa mara ni kwamba upweke ni ugonjwa wa Wazungu, sisi tuna ukoo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Juni 2025 inasema kinyume: duniani mtu mmoja kati ya sita ana upweke, na katika nchi za kipato cha chini ni asilimia 24, nchi tajiri asilimia 11. Ukoo tunao, sawa, lakini vijana wako mijini, na mzee wa sasa amezika wenzake wengi.

Unaweza kujiuliza mambo ya moyoni yanaufikiaje mwili. Njia ya kwanza haina siri: mtu akiwa na watu, mtu anaona. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakianza kuvurugika, hicho ni kiharusi, na mwenye kuona ndiye anayeita bodaboda au gari. Njia ya pili ni jikoni. Mwanamke aliyempikia mume miaka hamsini huona uvivu kujipikia peke yake. Anakunywa chai ya rangi na kipande cha mkate asubuhi, jioni anarudia. Baada ya miezi nyama ya mapaja imeisha, akijikwaa haanguki kama zamani, anavunjika nyonga. Vidonge navyo humezwa vizuri zaidi pale mtu anapokuwa na sababu ya kuamka.

Njia ya tatu ni ya ndani kabisa. Mwili wa mtu anayejiona hana wa kumtegemea hukaa macho kama mlinzi asiye na mwenzake wa kupokezana naye zamu. Homoni za hofu, kortisoli ikiwamo, zinakuwa juu muda mrefu kuliko inavyopaswa, presha haishuki usiku kama kawaida, usingizi unakatika, na mwili unakuwa na uvimbe mdogo mdogo wa ndani usioonekana kwa macho, unaochakaza mishipa ya damu. Ubongo pia unahitaji maongezi. Jopo la jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 liliorodhesha mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu ambayo tunaweza kuyapunguza. Kujitenga na watu limo, na kutosikia vizuri limo.

Na ipo ya nne, ninayoiamini sana. Stephanie Brown na wenzake walifuatilia wanandoa wazee 423 huko Michigan kwa miaka mitano. Waliokuwa wakiwasaidia wengine, jirani, ndugu au mwenza, walikuwa na vifo vichache zaidi. Kupokea msaada peke yake hakukuonyesha faida hiyo. Nikiona familia inayomwambia mzee "mama, kaa tu, usifanye kitu, umetulea inatosha", najua wana mapenzi, na naona pia wanamnyang'anya kinachomweka mjini.

Haya, tufike kwenye lile la tatu.

Utafiti wa Andrew Steptoe kwa Waingereza 6,500 wa miaka 52 na kuendelea, uliotoka 2013, ulionyesha kwamba kutengana na watu kuliendelea kuambatana na vifo hata baada ya kuzingatia afya waliyokuwa nayo tangu mwanzo, ila hisia ya upweke haikuendelea. Nalitaja kwa sababu mbili. Kwanza, mama anaweza kukwambia "sina upweke, niko sawa" na bado akawa hamwoni mtu. Hesabu anaowaona, usimuulize tu anavyojisikia. Pili, ugonjwa na kujitenga hufuatana kwa pande zote mbili. Wakati mwingine mtu hakuugua kwa kuacha kwenda kisomo. Ameacha kisomo kwa sababu anaumwa na haoni namna ya kusema.

"Nimechoka" ni neno la heshima ambalo wazee wetu hulitumia kufunika mengi. Nikiwa nao peke yao chumbani, mlango umefungwa, mengine hutoka. Wapo wasiosikia: mwalimu anasoma, wenzake wanacheka, yeye hajui wamecheka nini, anaona aibu. Mara nyingine ni nta tu iliyoziba sikio, na muuguzi anaitoa kwa dakika chache. Msiichokonoe nyumbani kwa pamba. Wapo wenye mtoto wa jicho, ambao wakitembea jioni hawaoni shimo. Wapo ambao magoti hayakunji, na kisomo kinakaliwa kwenye mkeka. Hapo dawa ya kwanza ni kiti, na mtu wa kuwaambia wenzake kwamba kukaa kwenye kiti si kujikweza.

Halafu kuna mkojo. Hili wanawake hawalisemi hata kwa binti zao. Akikohoa unatoka, akiinuka unatoka, au unamshika ghafla kabla hajafika chooni. Mama anayejali udhu na unadhifu wa nguo atabaki nyumbani maisha yake yote kuliko aloane mbele ya wenzake. Na mama yako anatumia dawa za presha. Baadhi ya dawa hizo ni za kukojosha. Akimeza asubuhi, saa chache zinazofuata hawezi kukaa mbali na choo. Msibadilishe chochote wenyewe, ila mwulizeni daktari wake kama saa ya kumeza inaweza kusogezwa siku ya kisomo. Mkojo unaoponyoka unatibika au kupungua kwa wengi: kuna maambukizi ya kutibu, kuna sukari ya kupima, kuna mazoezi ya misuli ya nyonga. Mwulize wewe, si kaka yako, na uulize kwa kupitia mbali: "Mama, wenzako wa rika lako wanasema mkojo unawasumbua, wewe vipi?"

Na kuna michango. Mkono mtupu haulambwi, na mzee anayejiheshimu hataki kwenda msibani bila kitu. Huenda pesa ilikuwa inatoka kwa mzee, na sasa mnamletea mchele, sukari na mafuta, vitu vizuri kabisa, lakini hana elfu mbili ya kutoa kwenye upatu wala ya kuweka kwenye sahani ya rambirambi. Zanzibar tangu Aprili 2016 kila mwenye miaka 70 na zaidi hupata pensheni ya serikali, na Kenya wana Inua Jamii kwa umri huo huo. Bara mzee asiyekuwa mwajiriwa hutegemea wanawe, isipokuwa kaya maskini zilizo kwenye mpango wa TASAF. Punguzeni mchele, ongezeni fedha mkononi, na msimuulize ametumiaje. Hii ndiyo dawa ya upweke ya bei rahisi kuliko zote ninazozijua.

Kukonda, hata hivyo, msikupeleke kwenye majonzi moja kwa moja. Mzee aliyepungua mpaka nguo zinapwaya apimwe: sukari, kifua kikuu, tezi ya shingo, damu, meno na kinywa, na daktari aangalie kama kuna dalili za saratani. Mpelekeni hospitali ya wilaya, mpitie dirisha la wazee, mbebe dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na za mitishamba kama zipo. Hapo hapo aulizwe kuhusu sonona. Majonzi ya kawaida huja kwa mawimbi. Leo analia, kesho anacheka akimkumbuka mzee. Sonona hukaa. Hana hamu ya chochote, anaamka saa tisa usiku na hapati tena usingizi, anajilaumu, anajiona mzigo. Inatibika katika umri wowote, kwa mazungumzo, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Zimbabwe, mabibi waliofunzwa kusikiliza, wakikaa na wagonjwa kwenye mabenchi ya zahanati, walipunguza dalili za sonona katika jaribio lililochapishwa 2016.

Akisema "namwomba Mungu anichukue nimfuate baba yenu", msimkemee kwamba anakufuru. Mwulizeni kwa upole kama amewahi kufikiria kujidhuru. Akikubali, au ameacha kabisa kula na kunywa, apelekwe siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake. Apelekwe haraka pia akichanganyikiwa ghafla ndani ya siku moja mbili, akianguka na kugonga kichwa, au akiwa na zile dalili za kiharusi.

Sasa uamuzi wenyewe. Kama vipimo vitaonyesha amekuwa msahaulifu kiasi cha kuacha moto ukiwaka au kupotea njia anayoijua, kama anaanguka mara kwa mara, kama hawezi tena kujiogesha, basi kuishi peke yake kumekwisha na ahamie kwa mmoja wenu. Kama kuna jirani anayemnyanyasa, au maneno ya uchawi yameanza kutajwa juu yake, hilo halisubiri kikao cha ukoo, aondolewe. Na kama wenzake wa Muheza wamekwisha, wengine wamezikwa na wengine wamehamishwa na watoto wao, basi hoja yangu ya mahusiano inadhoofika, na Kinyerezi inaweza kuwa bora.

Lakini kama hakuna hata moja kati ya hayo, mimi nipo upande wa mama. Abaki, na nguvu mliyotaka kuitumia kumhamisha muitumie kumrudisha kwa watu wake. Yule binti mlipeni vizuri, awe anakula na mama jioni badala ya kuja kulala tu. Mtu akila na mwenzake hali chai na mkate. Akipata nguvu, jiko la vitumbua liwashwe hata siku mbili kwa wiki, binti akisaidia kukoroga na kugeuza. Chooni pawekwe taa na kitu cha kushikilia. Gawaneni miezi ninyi watoto, kila mwezi mmoja wenu aende Muheza alale angalau usiku mbili. Usiikubali kazi yote iwe yako kwa sababu wewe ndiye unayeniandikia. Utafiti wa Marekani wa 1999 ulikuta wazee wanaouguza wenza wao huku wamelemewa walikuwa na vifo vingi kwa asilimia 63 kuliko wasiouguza. Wewe bado kijana, lakini mwili unaolemewa ni ule ule.

Simu zako zinasaidia, ndiyo. Huko Texas mwaka 2020 vijana wa miaka 17 hadi 23 walipewa mafunzo mafupi, wakawa wanawapigia simu watu 240, wengi wao wazee, kwa wiki nne. Upweke, wasiwasi na sonona vilipungua kuliko kwa wasiopigiwa. Vijana hao walielekezwa kumwachia mpigiwa aongoze mazungumzo. Zako naogopa zinaanza na "umekula?" na kuishia na "umemeza dawa?" Badala yake mwombe kitu unachokihitaji kweli: namna anavyoloweka mchele wa vitumbua, ukoo wa yule anayeposa kwenu, ushauri kuhusu mtoto wako mkaidi.

Mkifanya haya yote, mama ataishi muda mrefu zaidi? Sikuahidi. Tafiti nyingi nilizozitaja zinaonyesha mambo yanayoambatana, na kuambatana si kusababisha. Jaribio kubwa la Marekani, lililochapishwa 2003, liliwachukua watu karibu 2,500 waliopata shambulio la moyo na ambao walikuwa na sonona au hawana watu, likawapa tiba ya mazungumzo. Sonona ilipungua, na wakajiona wana watu zaidi. Vifo havikupungua. Kinachonifanya niendelee kushauri hivi ni kwamba hata miaka isipoongezeka, miaka hiyo inakuwa ya mtu anayekula, anayelala na anayetoka nje.

Mwisho, kuhusu kaka yako. Mpeni jambo la kufanya, maana akikataliwa tu atasusa. Baada ya vipimo, mama aje Kinyerezi kama mgeni, wiki tatu au nne, tarehe ya kurudi ikiwa imeshatajwa na nauli iko mkononi mwake. Shemeji amtafutie mapema msikiti wenye darasa la wanawake karibu na nyumbani, na jirani mmoja wa rika lake wa kumtambulisha. Wajukuu wapewe kazi naye, awasomeshe juzuu ama wamfundishe simu. Akipenda, atarudi tena mwenyewe na kukaa zaidi. Wapo wazee wanaohama hivyo, kidogo kidogo, na wanatulia. Na hata siku atakaposema sasa nabaki Dar, nyumba ya Muheza msiipangishe wala kugawana vyombo mpaka mwaka mzima upite.